Kaka Kaachwa Mlangoni, Nikaingia Mimi

Nyumbani,
Nyuma ya tanuri la mikate.
Jumapili, mchana.

Mpendwa Kitinda wetu,

Pokea salamu zenye joto la tanuri. Hujambo huko uliko? Kifua kimeacha kukubana? Na shemeji bado anakoroma kama mashine ya kukandia unga, au umeshamzoea? Sisi huku tu wazima, kwa maana ya watu wanaokula na kulala.

Najua utaanza kwa kulalamikia mwandiko. Mara iliyopita ulisema naandika kama siafu wanaohama, ukauliza kama karatasi zimepanda bei. Vumilia, sababu utaiona mbele. Ningepiga simu, lakini unanijua: ningetia mzaha, ungecheka, tungekata bila kuambizana kitu.

Tulikwenda kwenye ule utafiti wa dawa ya Parkinson, huu ugonjwa wa Kaka wa kutetemeka na kuganda, uliotutafutia mtandaoni. Asante kwa kuhangaika. Wa kwanza walimkataa Kaka Mkubwa kwa umri, wa pili ulikuwa umeshafungwa. Huu wa tatu walisema wanataka wagonjwa wasiotumia dawa, na Kaka akaling'ang'ania neno hilo. Hakutuuliza sisi wala daktari wake. Aliacha vidonge vyote, awafikie akiwa safi, kama tunavyopangusa sinia kabla ya kuweka madonge mapya ya unga.

Unaikumbuka mikono yake, ilivyokuwa ikiviringa madonge mawili kwa mpigo, moja kila kiganja. Bila vidonge aliganda. Mke wangu, wifi yako, akawa anamlisha supu kwa kijiko. Asubuhi moja nilimkuta kitandani macho wazi, hawezi kujigeuza.

"Usiniguse," akasema. "Nikishageuka nitakuita."

Hakugeuka, hakuniita. Nikamsihi arudie dawa. Akaniambia anajikaza kisabuni, wakishamchukua atapona.

Siku ikafika. Hospitalini kuna korido ndefu wanayopimia mwendo: unatembea mpaka mlango wa mwisho, unageuka, unarudi. Kaka akaanza, nami nikamfuata nyuma asije akaanguka. Unajua ninavyomwigizaga uani, mkono umelala ubavuni, miguu inaburuza, wapakiaji mikate wanacheka mpaka machozi. Zamani hata mwenyewe alikuwa anacheka. Basi muuguzi mmoja, mama mwenye sauti ya kengele, akanikemea mbele za watu.

"Baba, huna haya? Kaka yako anaumwa nawe unamwigiza?"

"Nani anamwigiza?"

"Na huo mkono?"

Nikautazama mkono wangu wa kushoto. Umening'inia kama taulo msumarini. Nikajaribu kuupunga, nikaupunga kama askari wa gwaride. Waliokaa kwenye benchi wakacheka, nami nikacheka. Mimi siku zote ndiye wa kwanza. Daktari hakucheka.

Kwa Kaka walimaliza upesi.

"Umewahi kutumia dawa za ugonjwa huu?"

"Zamani. Sasa situmii."

"Zamani lini?"

"Mpaka juzijuzi."

Daktari, kijana mpole, akaeleza kwamba wanamtaka mtu ambaye hajaonja hata kidonge kimoja tangu augue. Akamgombeza: kuacha dawa ghafla kungeweza kumuua, azirudie siku hiyohiyo. Yaani mateso yote yale, bure. Kaka akasema, "Sawa, daktari," kwa ile sauti ndogo iliyombakia.

Kisha daktari akanigeukia mimi. Nigonganishe vidole. Niandike sentensi. Akaitazama, akaniuliza tangu lini naandika herufi ndogo hivyo. Muuguzi yule yule akanipitishia vichupa puani, nikamwambia vyote ni maji. Kumbe kimoja kilikuwa sabuni na kingine kahawa, na daktari akasema mara nyingi ugonjwa huu huanza kwa kuiba pua. Ndipo nikaelewa kwa nini wateja wameniita Majivu, kwa mikate ninayounguza siku hizi nimesimama palepale mbele ya tanuri. Wifi yako hudai nazubaa, mimi hudai nawaza mambo makubwa. Wala siwazi kitu, mdogo wangu. Sisikii harufu ya moshi.

Walinirudisha kwa vipimo vya ubongo, na majibu yametoka: ugonjwa ninao, na kwa utafiti ninafaa. Hilo la pili daktari alilisema kwa furaha kabisa, masikini, kama mtu anayenipa ajira. Nimekubali kuingia, na nimeambiwa naweza kutoka nikitaka.

Siku nilipompa Kaka habari hiyo alisukuma kikombe chake kando.

"Kiti changu dukani umekikalia," akasema. "Sasa hata ugonjwa wangu umeutaka?"

Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakuwa ananitania.

Nusu yetu tunapewa dawa, nusu vidonge vitupu vya unga, na hata daktari hajui nani kapata nini. Huenda basi mwoka mikate mzima nasafiri hadi hospitali kufuata unga. Lakini Kaka haamini kwamba ni unga. Juzi, watoto wakiwa mezani, alininyooshea kiganja.

"Nigawie."

"Haiwezekani, Kaka. Hairuhusiwi, tena vitagombana na vyako."

Hakukirudisha kiganja. Mkono ukatetemeka, vijiko vikalia juu ya meza, mpaka vyombo vikaondolewa. Tangu hapo vidonge navifungia stoo, nyuma ya magunia ya unga, na ufunguo nalala nao. Ninamficha vidonge mtu aliyenilea mgongoni mwake.

Nikivuka uani ananitazama. Jana aliwaambia wapakiaji, "Mwigizaji wetu kapata kazi ya kudumu." Wakacheka. Nami nikacheka, kwa mazoea.

Sasa nije kwenye kilichonikalisha kitako niandike. Daktari ameuliza kama tuna ndugu mwingine. Anasema kwa wengi ugonjwa huu haufuati ukoo, ila wakitokea wawili nyumba moja, huuliza wa tatu. Nikamwambia yuko mdogo wetu, yuko mbali, mzima wa afya, ana ulimi kama wembe.

Chukua sabuni unayoogea, ile uipendayo, ufumbe macho, unuse. Ukiisikia harufu yake, nitukane kwa kukutisha bure, nitafurahi. Usipoisikia, nenda kwa daktari, ila usimeze kidonge chochote kabla hujaniandikia. Bado wanapokea watu.

Wifi yako anakusalimu, na watoto wanamsalimu shangazi yao. Kaka Mkubwa hakutuma salamu, ila ameuliza mara mbili kama umejibu. Msalimie sana shemeji, umwambie akutazame kwa nyuma unavyotembea. Mungu akulinde, akuachie pua yako.

Wako, nikupendaye bila mzaha leo,

Kaka yako Majivu