Picha ya Tangazo la Modesta

Janet, Modesta wa Nyegezi kanipigia sasa hivi kwa simu ya jirani, analia.

Si unajua duka lake la magauni mtandaoni lilikuwa limedorora? Jana akalipia tangazo, akaweka picha ya mteja wake wa zamani kavaa gauni la dukani kwake, anacheka. Oda zikamiminika!

Leo mchana akapigiwa na mama mmoja wa Magu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyo kwenye tangazo ni mwanangu. Tulimzika na gauni hilo hilo."

Walimzika nalo, Janet!

Modesta akaomba radhi, akasema anaifuta picha sasa hivi. Mama akamkatiza: "Usiifute, binti. Sisi hatuna picha yake akicheka."

Kaiacha. Simu kaifunika kwa mto, anaogopa kuigusa. Na watu bado wanaandika, "Nataka kama la huyo dada."