Tundu Nililisogeza Mimi, Analaumiwa Kaka Jung-fa

Kwako mshauri,

Nakuandikia kwa sababu kusema kwa mdomo nimejaribu nikashindwa. Nina miaka kumi na minane, nilimaliza shule ya ufundi mwezi Juni, na sasa ninachora kwa kompyuta katika karakana ndogo hapa mjini Dali, tunatengeneza vibano vya chuma vya kushikia kiti cha mtoto nyuma ya baiskeli, na watu wote pale ni wema kwangu, mke wa bosi hunichotea mchuzi wa nyama hata kabla sijaketi na kusema, "Kula, binti, ukisimama karibu na feni utapeperuka."

Bosi, Bwana Liao, aliniambia nichukue kibano cha zamani nichore kingine cha mteja mpya, kinachofanana nacho ila tundu la pini likae milimita tatu mbali zaidi na ukingo, nami nikafanya kama nilivyozoea kufanya na insha za shule, nikanakili faili la kibano kizima, nikaliweka kwenye folda mpya, nikalipa jina jipya, nikalifungua, nikabofya bamba lenye tundu, nikalisogeza tundu, nikahifadhi, nikafurahi kwamba nimemaliza kabla ya chakula cha mchana.

Wiki iliyopita oda ya kibano cha zamani ikaingia tena. Kaka Jung-fa, anayeendesha mashine ya kutoboa inayofuata vipimo vya faili la kompyuta, akatoa bamba la majaribio, pini ikakataa kuingia, akalipima kwa mchoro wa karatasi wa mwaka jana, akaona tundu limehama. Bosi akaligeuzageuza mkononi.

"Jung-fa, siku hizi unatoboa kwa macho au kwa kisogo?"

"Kwa macho, bosi, ila yamekaribia kustaafu."

"Basi yaage mapema, nikaajiri mengine."

Wote wakacheka, naye akacheka, lakini tangu siku hiyo anafika kabla yetu, anaipima mashine, anaifuta, amebadilisha hata pakiti ya kijani ya vitafunio tunayoiweka juu yake kwa imani ya hapa kwetu kwamba huifanya mashine itulie isiharibike, akidhani imepitwa na tarehe. Jana akaniita, "Mdogo wangu, hebu nisomee namba hii, huenda ni mimi ninayeisoma vibaya." Nikaisoma kwenye mashine, naye alikuwa hajakosea. Nikarudi kwenye kompyuta nikafungua faili la zamani, ambalo naapa sijawahi kuligusa, nikakuta tundu liko pale pale nilipolisogeza mimi.

Chuma cha oda kikifika mwanzoni mwa mwezi, Kaka Jung-fa anataka kuhamisha sifuri ya mashine, yaani mahali inapoanzia kupima, ili tundu lirudi panapotakiwa. Sijamwambia mtu. Je, nikilirudisha tundu kimyakimya kwenye faili, si mambo yatakwisha bila mtu kuaibika?

Binti wa Dali

Kwako Binti wa Dali,

Hayatakwisha. Nilichora vipande vya mashine miaka mingi kabla ya kukaa kwenye meza hii, kwa hiyo nisikilize.

Kosa lako la kwanza karibu kila mchoraji mchanga hulifanya, na sikulaumu kwa hilo. Faili la kifaa kizima halibebi vipande ndani yake, linaviita tu kutoka vilipo. Ukinakili orodha ya majina ya darasa hujapata wanafunzi wapya. Ukimnyoa mmoja wao, amenyolewa kwenye orodha zote mbili. Faili lako jipya liliita bamba lile lile la zamani, nawe ukalisogeza tundu lake.

Ninachokulaumia ni hicho unachotaka kufanya sasa. Vibano vyote viwili vinatumia bamba moja, kwa hiyo ukimrudishia tundu mteja wa zamani umemharibia mpya. Halafu kuna Jung-fa. Mashine yake ni nzima. Akihamisha sifuri, nawe umelirudisha tundu kwa siri, pini itakataa tena kwa upande wa pili, na kila kazi nyingine itakayopita kwenye mashine hiyo itatoka kombo. Atatafuta kosa mpaka aamini kwamba hajui tena kazi yake. Unasema hutaki mtu aaibike. Yeye unamhesabu nani?

Usiguse faili lolote peke yako. Kwanza mzuie Jung-fa. Kisha, bosi akiwa pembeni yako, hifadhi bamba hilo kwa jina jingine na uhakikishe kifaa kipya kinaliita hilo. Baada ya hapo ndipo urudishe la zamani kutoka kwenye nakala ya akiba, na litobolewe bamba jingine la majaribio. Siku zijazo, usinakili kifaa kwa kuburuta faili. Programu yenyewe ina amri ya kunakili kifaa pamoja na vipande vyake vyote na kuvipa majina mapya. Tumia hiyo, na kabla ya kubadili kipimo chochote tazama kipande kinatoka folda ipi. Mafaili ya kazi zilizokwisha yafunge, yasomeke tu.

Bosi atakufokea, na karakana ni chumba kimoja, wote watasikia. Itapita.

Najua kusema kunakushinda, kwa hiyo sikutumi ukahutubie. Mfuate Jung-fa asubuhi akiwa peke yake, umwambie: "Kaka, usihamishe sifuri. Tundu nililisogeza mimi kwenye faili." Sauti ikigoma, yaandike maneno hayo kwenye karatasi, uibandike juu ya kitufe cha kuwashia mashine. Lakini usikimbie. Simama hapo mpaka aisome.