Nilipokuwa Mama Yake Shabani

Jumamosi. Mvua imenyesha asubuhi nzima, na ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, haikuonekana kabisa. Sasa imekatika, lakini bado nimejifunika kitenge. Mwili wangu una baridi isiyotokana na mvua.

Leo nimemwambia mtu kwamba mama yake amekufa.

Nieleze vizuri. Kila Jumamosi tunakutana Ujiji, kwenye ukumbi wa nyuma ya kanisa, watu wazima ambao akili zetu zinakwenda njia zake. Mimi nina usonji. Niliujua nikiwa mtu mzima, baada ya miaka mingi ya kuitwa mwenye kiburi. Anayetuongoza ni Mwalimu Josiane, mama wa Kirundi aliyekulia Kasulu. Tunaigiza papo kwa papo, bila kuandikiwa maneno. Sharti lake ni moja: mwenzako akikupa jambo, lipokee, kisha uongeze la kwako. Usimkatalie.

Pale ndipo mahali pekee ambapo watu hawaniulizi kwa nini siwatazami machoni.

Shabani alianza kuja baada ya Ramadhani. Ni mwanaume wa makamo, mpole, sauti yake haina kipimo. Akisema, anasikika mpaka barabarani. Maisha yake yote alikuwa akianika dagaa na mama yake pale Kibirizi. Mama akaugua ghafla, akafariki, akazikwa Ujiji siku hiyo hiyo. Wakati wa mazishi Shabani alikuwa amepelekwa Kidahwe kwa mjomba wake, kwa hofu kwamba angepiga kelele mbele za watu. Aliporudi akaambiwa mama amesafiri kwenda Kalemie, Kongo, kwa ndugu zao.

Basi akawa anakwenda mwaloni, ufukoni boti zinapotia nanga, kila asubuhi kutazama zinazotoka Kongo.

Haya yote alitueleza kaka yake, Mrisho, mpakiaji wa mizigo bandarini. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akatuomba tusimwambie. Tukakubali. Mimi pia niliitikia kwa kichwa.

Leo Mwalimu akatupanga wawili wawili. Mmoja anasubiri, mwingine anafika. Anayesubiri ndiye atakayesema aliyefika ni nani. Nilipangwa na Shabani. Yeye akakaa kwenye kiti. Mimi nikatoka kwenye pembe ya ukumbi, nikamwendea.

Akanitazama.

"Mama," akasema. "Umechelewa."

Nikamwona Mwalimu Josiane akishika kifua. Angeweza kutusimamisha. Hakutusimamisha, au labda hakuwahi.

"Nimechelewa," nikamwambia.

"Kalemie umeniletea nini?"

Wengine wangejibu kirahisi. Wangesema nimekuletea mawese, au shati. Mimi uongo hunikwama kooni kama mwiba wa samaki, hata uongo wa mchezo. Na alikuwa ameshanifanya mama yake. Nikajiuliza huyo mama angetaka kumwambia nini mwanawe. Sikumfahamu, lakini sikuamini kwamba angemwacha aendelee kutazama boti.

"Sikwenda Kalemie," nikasema. "Niliugua, Shabani. Nikafa. Wakanizika hapa hapa Ujiji."



"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa Kidahwe."

Akatazama dirishani, upande wa ziwa.

"Kwa hiyo boti haiji."

"Haiji, mwanangu."

Akaziba masikio, akaanza kuyumba mbele na nyuma, akitoa mlio mmoja wa chini usiokatika. Mwalimu akazima feni. Hakuna aliyemgusa wala aliyemwambia anyamaze. Wenzetu walikuja mmoja mmoja wakakaa sakafuni karibu naye, na mimi nikakaa, mpaka mlio ukapungua wenyewe.

Mrisho alipokuja kumchukua nikamwambia mimi mwenyewe kilichotokea, kabla ya Mwalimu kufungua mdomo.

"Nani alikupa ruhusa, dada?" akaniuliza. Alisema taratibu, na upole ule ulinitisha kuliko kama angefoka.

"Hakuna."

"Tulitaka kumwepusha na uchungu."

Shabani ndiye aliyesema. "Kaka, nipeleke alipo." Kisha akaninyooshea kidole. "Na huyu."

Tukapanda bajaji watatu. Makaburini mimi nilibaki nje ya ua wa minyaa, wao wakaingia. Nilimsikia Shabani akiuliza kichwa kiko upande gani. Mrisho akamwonyesha. Akakaa, akaanza kumpa mama yake habari za Kibirizi: jirani yao wa kichanja cha kuanikia dagaa amehama, mvua imeharibu dagaa wa wiki hii, yule paka wao amezaa. Alieleza yote kwa ile sauti yake kubwa, kama mtu aliyerudi nyumbani jioni. Alipomaliza akamuuliza, "Kwa nini hawakuniita?"

Mrisho alikuwa amesimama, uso ameuelekeza kwenye ukuta wa nyumba ya jirani.

Tulipoagana aliniambia jambo moja tu. "Ungeniambia mimi kwanza."

Ni kweli. Nimelizungusha kichwani tangu nifike nyumbani, na kila nikiligeuza naliona ni kweli. Ningeweza kuomba mchezo usimame. Ningemwita Mrisho pembeni wiki iliyopita nikamwambia kwamba ndugu yake anasimama mwaloni akilowa kwa ajili ya boti isiyokuwapo. Badala yake niliitikia kwa kichwa. Halafu leo nikaamua peke yangu, mbele ya watu, juu ya msiba usio wangu.

Lakini pia nimeshaishi miaka mingi nikiwa mtu ambaye mambo hufichwa kwa sababu "hataelewa". Shabani alielewa. Aliuliza maswali ambayo kila mfiwa huuliza.

Mwalimu amenitumia ujumbe tuzungumze Jumatatu. Nitakwenda. Akisema nisirudi kwenye kundi, nitaumia, na sitabishana naye.

Jioni hii Mrisho amepiga simu. Sikutaka kupokea, nikapokea. Akasema Shabani analia tangu walipofika nyumbani, hataki kula, anamwita mama kwa jina lake. Nikamuuliza, "Na wewe, kaka?"

Nikasikia sauti ya Shabani nyuma yake.

"Tunalia wote," akasema. "Ndiyo kwanza tunalia."