Mto Uliohamisha Shamba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti lako limepoa, na Mama naye hajambo. Mimi ni mzima. Mikono tu ndiyo imeota sugu kwa kuosha vigae.

Kazi ni ileile uliyoicheka, ukasema nimesomea kuchimba mashimo. Tunachimba, tunachekecha udongo, tunapanga mezani kilichobaki. Mwezi huu tulichimba nyuma ya uwanja wa shule, mbali kabisa na maji, tukakuta changarawe laini na makombe ya kome. Mkubwa wetu wa kazi akatuambia kwamba hapo ndipo mto ulipopita kale, kabla hajapatikana mtu wa kuupa jina. Umehama mara nyingi, akasema, kama mgonjwa anayejigeuza kitandani. Hata jiko letu, Baba, limejengwa juu ya mkondo wake wa zamani.

Nikalikumbuka shamba letu. Ulikuwa ukinibeba mabegani kwenda kuvuna, majani ya mahindi yakinikwaruza miguu, nawe ukiimba vibaya bila haya. Kisha yakaja mafuriko yale, na maji yalipotulia shamba likawa ng'ambo. Ukasema watu wa kule wametuibia. Tangu hapo hukuvuka tena, wala sisi hukuturuhusu, na sijakusikia ukiimba. Hakuna aliyeiba, Baba. Mto ulihama tu, kama ilivyo desturi yake. Vigae vya kule na vya huku vina nakshi moja; waliovifinyanga walikuwa watu wa nyumba moja.

Sasa niseme lililonishikisha kalamu, maana mficha maradhi kilio humuumbua. Mpima ardhi wetu ni wa ng'ambo. Ameniomba anioe, nami nimemkubalia. Watu wa kwao ndio wanaolima shamba lile. Nilipojua, nilimnunia siku nyingi. Hakubishana, alinipeleka tu nikaone. Jiwe ulilokuwa ukinolea panga lipo palepale, katikati ya maharage. Mama yake alisema kila msimu wanalima kulizunguka, kwa kuwa mwenyewe yu hai.

Wazee wake watakuja kwako mwisho wa mwezi. Ukiwafungia mlango nitaelewa, ila nitalia. Wameuliza kama wakirudi wakuachie nafasi kwenye mtumbwi. Nimewajibu kwamba hilo ni lako kusema.

Nisalimie Mama, na kaka yangu mvivu wa kuandika.

Ni mimi,
Kitindamimba wako