Umeme Wangu Ulipopanda Nguzo

Ijumaa, jioni. Mvua imekata, upepo bado. Mkiona makosa ya kuandika mnisamehe.

Leo nusura niue mtu.

Usiku upepo uliangusha tawi, likakata waya wa umeme, na huku kwetu Nyangoto tukaamka hatuna taa. Rafiki yangu Robi anavuka Sirari kesho kwenda harusi ya binamu yake upande wa Kenya, na nywele zilikuwa hazijaguswa. Nikawasha jenereta ya saluni. Kama kawaida, nikachukua ule waya wenye plagi pande zote mbili, huku jenereta, huku soketi ya ukutani, saluni nzima ikapata umeme. Swichi kuu, ile inayotenga saluni na waya wa nje, sikuizima. Sijawahi kuizima, na wengi mtaani hawaizimi. Taa ya jirani nayo ikawaka, nikacheka, nikasema leo kala vya bure.

Robi akakaa kwenye draya, tukapiga soga hadi nywele zikakauka, akaondoka. Nikabaki nachaji simu za watu.

Mara akaingia Chacha, mume wa Robi, fundi wa laini za umeme. Hakusalimia. Alizima jenereta mwenyewe, akachomoa ule waya, akaangalia plagi hii na ile.

Akasema alikuwa juu ya nguzo, anataka kuunga waya uliokatika. Huko umeme unakotoka walishazima, kwa hiyo waya ulipaswa kuwa hauna umeme. Kabla ya kugusa akapima, kifaa kikalia. Akashuka, akafuata mlio wa jenereta hadi kwangu.

Nilibisha. Kajenereta haka, ka kukaushia nywele, kaue mtu kule juu?

Akanieleza taratibu. Ndani ya transfoma, lile sanduku la kwenye nguzo, kuna misokoto miwili ya waya, mmoja wa mizunguko mingi, mwingine michache. Haijaungana, lakini umeme wa mmoja unaamsha umeme kwenye mwingine. Ukitoka juu, unapunguzwa ndipo unatufikia. Ukitoka kwangu, unakuzwa hadi maelfu ya volti. Transfoma haiulizi umetoka upande gani. Ile ya fezi tatu ya kule kwenye mashine za kusaga ina misokoto hiyo seti tatu na watumiaji wengi, kajenereta kangeelemewa kakazimika. Yetu ni ya fezi moja, seti moja, nyumba chache tu. Kaliiweza.

"Ulikuwa unamtengeneza nani?" akauliza, anaangalia draya.

"Robi."

Akakaa kwenye kiti kile kile.

"Mwambie wewe, shemeji. Mimi sitaweza."

Ameshaunga waya, umeme umerudi. Nimempigia Robi, nikakata kabla simu haijaita. Sasa ujumbe wake umeingia: Chacha kaniangalia mpaka nikaona aibu, anasema nimependeza. Asante dada.

Nimelia.

Kesho, kabla hajapanda gari la Sirari, nitakuwa mlangoni kwake. Nitamwambiaje kwamba nusura nimfanye mjane huku namkaushia nywele?