Kamba za Molasi Mtoni

Jumatatu, 16 Juni 2008

Nimepata kazi ya tumbili. Hata mimi nikiandika nacheka. Daktari Sumeya, yule wa wanyama anayetoka mjini na pikapu, anataka mate yao. Kule kambini tulikokimbilia Januari, watoto wetu walishikwa na homa na kikohozi, na tumbili walikuwa wanaingia kuramba sufuria zetu. Sasa hawa wa mtoni wanakohoa. Wengine wamekufa. Anataka kujua kama ni sisi watu tuliwapa.

Kazi yenyewe: nachovya vipande vya kamba kwa molasi, ile ya ng'ombe, nafunga kwa miti ya mtoni. Tumbili wanatafuna, wanaangusha. Naokota na glavu, natia kwa chupa, chupa kwa barafu. Maski haitoki. Na amri moja kubwa – kwako kukiwa na mtu anakohoa, usikanyage huko. Nimeapa.

Mume wangu Macharia amecheka kwa simu mpaka akakosa pumzi. Ati wametuchomea nyumba, na mimi nalisha tumbili. Yeye yuko Nakuru, hapa Cheptiret hawezi kurudi, kabila lake ndilo lilifukuzwa. Mimi ni mtu wa Bungoma, ati mimi majirani watanivumilia. Mke akikaa kwa ploti, ploti iko na mwenyewe. Ndiyo maana mimi na mtoto wetu Nekoye tunalala kwa hema, juu ya simiti iliyobaki ya nyumba yetu.

Jumatano, 18 Juni

Ng'ombe za jirani, Mzee Kiprotich, ndani ya mboga yangu ya sukuma tena. Tangu Januari zinalisha hapa, zimezoea. Nimemwita Priscah, bibi yake, kwa ua. Salamu kwanza, polepole. Akaambia ng'ombe, si mimi: kuleni, wenyewe wako Nakuru.

Huyu Priscah alimshika Nekoye siku alizaliwa, kabla mimi mwenyewe sijamshika.

Tumbili mmoja amekuja na mtoto ameng'ang'ania tumbo lake. Anatafuna, anakohoa, anainamisha kichwa kama mtu ako kanisani. Nimemhurumia.

Jumapili, 22 Juni

Baada ya ibada wanaume watatu wamenisimamisha kwa njia. Mzee Kiprotich ndiye aliongea.

– Mama Nekoye, hizo kamba ni za nani?

Nikasema za daktari.

– Daktari gani anafunga kamba kwa mpaka?

Hapo nikaelewa. Hiyo miti ya mtoni ndiyo mpaka wetu na shamba lake. Kamba mpya, tena zimepangwa mstari – wanadhani saveya, mpima ardhi, amekuja kisiri kutupimia sisi tuliorudi! Na mimi nilizifunga mstari ndio nisisahau mti. Mjinga mimi. Mtu alichomewa nyumba kwa maneno ya mpaka, anaenda kufunga kamba kwa mpaka.

Nikasema ni za mate ya tumbili. Wakacheka vibaya. Mmoja akauliza, serikali imemaliza kupima kila kitu, imebaki mate? Mwingine akasema hata uongo ningetafuta wa maana.

Kiprotich hakucheka. Akasema zitoke.

Jumanne, 24 Juni

Daktari Sumeya amekuja kunitetea. Afadhali angekaa mjini.

Amesimama kwa geti ya Kiprotich, ameeleza vizuri, na heshima. Majibu ya mate aliyochukua mwenyewe mwezi jana yametoka. Ni homa ya watu. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema, kwa hivyo si saveya, nimekubali. Halafu akanigeukia.

– Hata tumbili wetu mmewamaliza.

Sumeya akasema hiyo homa iko mjini, iko shule, haiulizi mtu kabila. Mzee akauliza, nani alikula na tumbili kambini, ni yeye au ni sisi?

Wamekubaliana kamba zitolewe zote Ijumaa, kabla lori ya maziwa haijapita. Kazi ihamie ng'ambo ya mto. Nizitoe mimi. Ikibaki hata moja, amesema Mzee, nifunge hema pia niende nayo.

Jioni watoto wamemfuata Nekoye kutoka kisimani. Tumbili, kohoa tusikie. Amefika na mtungi nusu, hataki kusema maji yalimwagikia wapi.

Alhamisi, 26 Juni

Nekoye anakohoa. Mwili moto. Nimempa dawa ya homa, ile ya chupa.

Nampigia Sumeya, simu imezimwa. Nikienda mtoni nimevunja kiapo, na yule mwenye mtoto kwa tumbo ako huko. Nisipoenda, tunafukuzwa mara ya pili. Mungu, unanionaje?

Ijumaa, 27 Juni

Sikuenda. Lori imepiga honi, imepita.

Nimefunga leso kwa mdomo, nikasimama mbali na ua, nikamwita Priscah. Nikamwambia ukweli wote. Mtoto ni mgonjwa, siwezi kusogelea tumbili, tafadhali Mzee azitoe yeye.

– Unaogopa kuambukiza tumbili. Na sisi?

Halafu tukasikia kikohozi. Cha mtoto. Kimetoka kwa nyumba yake.

Priscah akaniangalia.

– Hiyo ni moshi ya jikoni.

Kiprotich na wale wawili wa Jumapili wakapita na panga wakielekea mtoni. Midomo wazi, bila maski. Saa hii ndiyo ya molasi, tumbili wameshafika, tunawasikia. Nikafungua kinywa nimwambie Mzee kwake pia kuna mgonjwa, asiende. Priscah akaruka ua, akanishika mkono.

– Nyamaza, Mama Nekoye.

Tangu Januari hajawahi kuniita hivyo.

Sasa ako nje ya hema. Nimeingia kumwangalia mtoto, nimeketi, naandika, yeye hajaondoka. Mtoni panga zinalia kwa matawi. Wakimaliza watakuja hapa. Priscah anauliza, polepole, wanaume wasisikie, kama dawa ya Nekoye imebaki.

Imebaki nusu chupa. Nimeishika na mkono wa kushoto. Huu mwingine naandika nao, ndio nisimjibu haraka.