Vifungo vya Baba

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo! Leo nusura niruke juu ya dawati! Kwenye somo la usimamizi wa uzalishaji tuliambiwa tutafute mahali kazi inapokwama, nami nikachora ubaoni karakana yetu: wewe unakata, shangazi anashona, baba anaweka vifungo. Nikapaona papo hapo! Karakana nzima inakwenda kwa mwendo wa baba. Mwalimu akapiga makofi, kisha akauliza, "Mbona hamjamhamisha?"

Nikasema sijui.

Mama, tangu mikono ya baba ianze kutetemeka, wewe unakata polepole. Nilidhani umechoka. Kumbe hutaki mashati yarundikane mbele yake.

Alama nimepata zote. Ubao nimeufuta mwenyewe.

Mwanao, yule mjuaji wako